Wanaume Waliokanyaga Udongo

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu wa chama chetu hapa Iftin. Kwanza niwaambie tulikuwa nani. Mimi mwenyewe; Habiba, ambaye ni mama wa mume wangu; mwanangu Abdi; na binti yangu Shukri, huyu aliyekaa karibu na mlango, wakati huo bado wa mgongoni. Mwalimu Mutua, mtu wa Ukambani, ndiye aliyetutafsiria. Na Tomasi, kijana wa ng'ambo aliyekuja na wenzake kuwajengea maskini nyumba bila mshahara.

Ilikuwa miaka ya vita, ile tunayoiita Daba. Serikali ilitukusanya karibu na Balambala, katika kijiji kilichozungushiwa uzio wa miiba. Mume wangu alikwenda kutafuta ngamia, hakurudi. Nyumba yangu ya mikeka na miti ya kupinda ilichomwa pamoja na vyote vilivyokuwemo. Ndugu zangu, nawaambia, nilianguka. Nililala kifudifudi chini ya ngozi ya ng'ombe, watoto ubavuni, Habiba akininywesha maziwa ya kuomba. Mvua inakaribia, hatuna paa, na mimi sijali.

Asubuhi moja nikasikia wanawake wanacheka. Katika kijiji kile, kucheka. Nikataka kujua. Nikainuka, nikaenda.

Tomasi na wenzake walikuwa wanakanyaga udongo, suruali zimekunjwa magotini, wanajenga nyumba. Wanaume. Mnajua kwetu mwanamke ndiye anayejenga na nyumba ni yake. Mwanamume ni mtu wa ngamia. Nikamuuliza mwalimu, "Hawa kwao hawana mama?"

Tomasi alipotafsiriwa swali langu akacheka. Akauliza, "Mume wako yuko wapi? Kila familia itoe mwanamume wa kufanya kazi hapa, ndipo ipewe nyumba."

"Mwanamume na nyumba wapi na wapi?" nikasema. "Mwalimu, muulize, kwao mume na mke wakigombana, nani anatoka?"

Mwalimu alipopewa jibu aliona haya kulisema. "Mke, mara nyingi."

Habiba, aliyekuwa amenifuata, alicheka mpaka akakaa chini. "Abaayo, dada yangu, mwonee huruma," jirani akaniambia. "Hajui."

Tomasi hakukasirika. Akauliza nani anakata miti, nani anaipinda, nani anasuka mikeka, nani anaipakia nyumba juu ya ngamia. Kila jibu lilikuwa mwanamke. Kisha akanisogezea ndoo.

"Basi nimekuwa nikiwangoja watu wasio wenye nyumba," akasema.

Nikakanyaga udongo, Shukri mgongoni. Wajane wengine wakanifuata. Na mimi nikauliza yangu: kwa nini nyumba ina kona, isiwe ya duara kama zetu? Mkihama mnaibebaje?

"Haibebwi," akasema.

Hilo lilinishangaza siku nyingi, nyumba inayomngoja mtu.

Mvua ilitukuta ndani. Habiba alitundika mikeka kwenye kona zote nne kwa sababu hakuziamini. Mume wangu hakurudi. Nyumba ilibaki, na watoto wangu walikulia humo.

Namshukuru Mungu, kisha Habiba, Mwalimu Mutua na Tomasi, ambaye alikuwa na akili ya kuuliza. Na kila mmoja wenu, ukiwa umelala chini na ukasikia watu wanacheka nje, usijifunike. Inuka ukaulize kuna nini.

Kama nimekosea jina la mtu, au kama mvua ilitangulia paa, mliokuwepo nisahihisheni. Shukri, wewe usijaribu. Ulikuwa umelala.