Nani Anakula Papai la Dada Ramani?

Manyunyu yakianza mchana, sauti za mtaa wetu huwa kama zinatoka chumba cha pili. Magari yanapita taratibu, watu wanatembea wameinamisha vichwa, na mvuke wa birika la Mama Kahawa unapanda mpaka kwenye bati na kukaa pale pale, haujui uelekee wapi. Chini ya bati hilo ndipo lilipo benchi letu, ubavuni mwa duka la vioo, ng'ambo ya jengo lenye ofisi ya ramani. Mimi natengeneza zipu na mikoba. Mikono ikiwa kazini, masikio hayana shughuli. Kulia kwangu hukaa Fundi Saa, mtu anayevaa saa mikono yote miwili na hajawahi kuwahi popote. Kushoto hukaa Msemaji, aliyekuwa akitangaza mpira redioni, na mpaka leo hawezi kuomba sukari bila kupaza sauti. Siku hiyo tulikuwa tumenyamaza tu, tunaangalia mvua, Dada Ramani alipovuka barabara, akaketi katikati yetu na kusema neno moja.

— Tena.

— Limeliwa? akauliza Mama Kahawa.

— Lote. Na kibakuli kimeoshwa.

Tukaguna kwa pamoja. Kisa tulikuwa tunakijua. Dada Ramani anachora ramani za viwanja na mitaa, ghorofa ya pili ya jengo lile. Kila asubuhi hukata papai, akalikamulia ndimu, akalifunga kwenye kibakuli cha plastiki chenye mfuniko wa buluu na kuliweka kwenye friji ya ofisi. Mchana akifungua, kibakuli kipo, kisafi, kimefutwa vizuri na kufunikwa. Papai hakuna. Alibandika jina lake juu ya mfuniko. Papai likaliwa hivyo hivyo. Alikificha nyuma ya chupa za maji, kikaonekana.

— Hapo kwenye kuosha ndipo mimi nachoka, alisema Fundi Saa. Mwizi gani anaosha vyombo?

— Mwizi aliyelelewa, alijibu Mama Kahawa.

— Hapana, huyo anakupenda. Anataka kula kitu ulichokishika.

— Fundi, mle ofisini kila mwanamume ananiita shangazi. Wamebaki bosi na mzee mmoja tu, na mzee ananiita mwanangu.

Msemaji akainuka nusu, kama vile mpira umeingia kwenye eneo la hatari.

— Wote mmekosea! Hebu niambie, dada, hiyo friji ni ya zamani?

— Ya zamani sana.

— Inanguruma?

— Inanguruma.

— Basi! Kinachonguruma kina tumbo. Mnamtafuta mtu bure, friji ndiyo inayokula.

Mama Kahawa alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye sahani. Lakini Fundi Saa hakucheka. Alikuwa ameweka saa ya mteja sikioni na amefumba macho.

— Au ni wewe mwenyewe, alisema.

— Mimi nani?

— Wewe, Dada Ramani. Kuna muda fulani mchana akili ya mtu inatoka kidogo, inaenda kutembea. Mwili unabaki. Mwili wako unainuka, unafungua friji, unakula, unaosha kibakuli, unarudi kwenye kiti. Akili ikirudi inasikia njaa, inapiga kelele za mwizi.

Nilitegemea atamrushia kitu. Badala yake Dada Ramani alifunua viganja vyake, akavitazama kama ramani ya mji asioujua.

— Hilo nimeshaliwaza, alisema polepole. Jana nilinusa vidole vyangu.

— Ikawaje?

— Vilinuka ndimu. Lakini si nilikuwa nimeikamua mimi asubuhi?

Mvua iliendelea kunyesha bila haraka. Nikamwona anaanza kuamini, na ni jambo la kutisha kumwona mtu mzima anaanza kujitilia shaka kwa sababu ya papai.

Msemaji ndiye aliyetutoa humo.

— Pilipili, alisema. Ya unga. Kesho iweke chini ya vipande, juu weka ndimu yako kama kawaida. Atakayekutwa na machozi mchana, ndiye. Kama ni wewe, utajijua.

— Na akijulikana?

— Si ulisema umeshamwambia bosi?

— Nimemwambia. Na bosi ametangaza mbele ya watu wote: akipatikana, anaondoka siku hiyo hiyo.

— Basi mwache aondoke akilia!

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, sindano mdomoni. Mama Kahawa akaingia ndani akatoka na pilipili imefungwa kwenye kipande cha gazeti, akamtia mkononi.

Baada ya hapo hatukumwona kwa siku kadhaa. Msemaji alishaanza kutangaza kwamba mwizi amepatikana na sherehe imetusahau. Aliporudi, manyunyu yalikuwa yamerudi pia, na chini ya bati alikuwamo mama mmoja tusiyemjua, ana kapu la mboga, anasubiri mvua ipungue. Mama Kahawa alikuwa amempa kikombe na nafasi mwisho wa benchi. Dada Ramani akaketi. Kahawa yake akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa.

— Nani? akauliza Msemaji.

— Mzee Wino.

Tulimjua kwa kusikia. Ndiye aliyemfundisha Dada Ramani kazi, zamani wakati ramani zinachorwa kwa mkono, kalamu na wino. Hakuna aliyewahi kumwona kijiweni. Yeye ni mtu wa kazini na nyumbani.

— Haiwezekani, alisema Mama Kahawa. Si yule unayesema mstari wake haujapinda mpaka leo?

— Mpaka leo haujapinda. Mchana ule nilisikia mtu anakohoa kwenye chumba cha ramani za zamani. Mle makaratasi yamekunjwa yamepangwa mpaka darini, na kioo cha dirisha kina ukungu, mwanga wake kama uko ndani ya maziwa. Nikaingia. Amekaa kwenye kigoda, kibakuli changu kiko mapajani, machozi yanamtiririka, na bado anakula. Nikamwambia, mzee, acha, kina pilipili hicho. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa, akatabasamu. Akasema, "Njoo ukae, mwanangu. Leo mama watoto amekasirika. Sijui nimemkosea nini."

Fundi Saa aliishusha saa kutoka sikioni.

— Lakini mkewe si...

— Alifariki mwaka jana. Ofisi nzima tulipanda basi kwenda kumzika kwao, mbali huko. Mimi ndiye niliyemshika mzee mkono kaburini.

Gari lilipita, likarusha maji, na hakuna aliyelalamika.

— Akaendelea kuniambia, "Nimekaa hapa nafikiri tangu kipande cha kwanza. Labda niliingia ndani na viatu vya matope. Labda jana sikumwambia asante." Kisha akatia kipande kingine mdomoni. Nikamwomba akiache. Akasema, "Nikikirudisha na chakula ndani, atajua nimesusa."

— Ndiyo maana anakiosha, alisema Mama Kahawa, kama anajisemea.

— Ndiyo maana anakiosha.

— Ukafanyaje?

— Ningefanya nini? Nikakaa chini. Nikachukua kipande nikala naye, mpaka kikaisha. Tukalia wote wawili, yeye kwa pilipili, mimi hata sijui kwa nini.

Msemaji alivua kofia.

— Wazo lilikuwa langu, alisema.

Miaka yote ile sikuwahi kusikia sauti yake halisi. Kumbe ni ndogo, na ina mkwaruzo.

— Pilipili ilikuwa yangu, alisema Mama Kahawa. Endelea, mwanangu. Na bosi?

— Nikapanda kwa bosi. Nikamwambia nimegundua tatizo: papai huwa nalisahau nyumbani, naleta kibakuli kitupu.

— Akaamini?

— Aliniuliza kama nalala vizuri. Wengine wamecheka mpaka basi. Sasa mimi si shangazi tena, mimi ni Shangazi Kitupu.

Hapo tungeweza kucheka, na nadhani alitaka tucheke. Tulishindwa.

— Sasa nafunga vibakuli viwili, alisema. Cha buluu ni chake. Siku ya kwanza bila pilipili nilikuwa nimekaa mezani. Akapita nyuma yangu, akaniinamia sikioni akasema, "Ametusamehe."

— Ametu-samehe? aliuliza Fundi Saa.

— Hivyo hivyo. Wote wawili.

Mama Kahawa akajifuta uso kwa kona ya kanga, akasema ni moshi. Fundi Saa alikuna kidevu. Nilijua anatafuta pa kubisha, kwa sababu bila kubisha hawezi kukaa vizuri.

— Lakini huko si ni kumdanganya? Saa ikichelewa, unairudisha kwenye wakati wake. Huiachi tu ifurahi.

— Yeye si saa, alisema Mama Kahawa.

— Mtu ana haki ya kuambiwa.

— Aambiwe nini? Kwamba mkewe hayupo? Aliambiwa. Alimzika. Unataka amzike mara ngapi?

Fundi Saa akairudisha saa sikioni.

— Au labda anajua, alisema Msemaji kwa ile sauti yake mpya. Anajua kabisa papai ni la nani. Ila hana namna ya kuomba mtu amfungie chakula.

— Mtu anayejua hawezi kula pilipili vile, alijibu Dada Ramani.

— Basi labda mama watoto yupo kweli, alisema Fundi Saa. Msinitazame hivyo. Labda hakuondoka mbali. Anaona mzee hali chakula vizuri, naye hana mikono ya kushikia kisu, basi asubuhi anakuja kuazima ya kwako.

Siku nyingine tungemtupia maganda ya karanga. Siku hiyo maneno yale yalielea chini ya bati pamoja na mvuke, na hakuna aliyetaka kuyafukuza. Dada Ramani aliyafuatilia kwa macho.

— Siku hizi, alisema, nikikata papai nakata vipande vidogo vidogo. Mimi sipendi vidogo. Sijui nani kanifundisha.

Mtu wa duka la vioo alitoka kufuta vioo vyake. Nikatuona sote mle, tumepauka kwa ukungu, kama watu wanaoota ndoto moja. Nilihisi raha. Kosa lilikuwa limerekebishwa, mzee anakula, kazi yake anayo, na sisi tulikuwa tumejisamehe pale pale bila kuulizana.

Yule mama mwenye kapu akaweka kikombe chake chini.

— Samahanini, alisema. Si kawaida yangu kuingilia mazungumzo ya watu. Ila kesho na kesho kutwa si mwisho wa wiki? Ofisi si zinafungwa?

— Zinafungwa, mama, alijibu Dada Ramani.

— Basi kesho mzee atafungua friji gani?

Mama Kahawa alikuwa anamimina, akaacha kumimina. Fundi Saa aliangalia saa ya mkono wa kulia, kisha ya mkono wa kushoto, kama mojawapo ingemjibu.

— Watoto wake? niliuliza.

— Wako nchi za watu, alisema Dada Ramani.

— Anakaa wapi?

Dada Ramani akatazama barabara, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo. Nadhani alikuwa anapita mtaa baada ya mtaa kichwani, yote aliyoichora, anatafuta mlango.

— Sijui, alisema mwishoni. Kila siku anatoka, ananiambia tutaonana, mwanangu. Sijawahi kumuuliza anaelekea wapi.

Ng'ambo ya barabara, mlango wa jengo ulifunguliwa. Kazi zilikuwa zimekwisha. Watu wakaanza kutoka kwenye manyunyu, wamejifunika magazeti, mifuko, mitandio, kila mtu na njia yake. Dada Ramani akainuka, kahawa yake haijaguswa. Gari lilimpigia honi, hakugeuka. Tulimwona anapita katikati yao, anamgusa huyu bega, anamwinamia yule achungulie chini ya gazeti, anaomba radhi, anaenda kwa mwingine.

Nasi bila kuambiana tukajikuta tumesimama ukingoni mwa bati, mvua inatulowesha vidole vya miguu, kila mmoja anautafuta kwenye umati uso ambao hajawahi kuuona.