Jolly Musoki na Mguu wa Mlima

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo: Kasese mjini, Hima, Bwera kule mpakani, na ninyi wa milimani ambao redio zenu hukamata vizuri kuliko hizi zetu za mjini. Sogeeni karibu, na aliye jikoni apunguze kelele za sufuria. Leo tunamkumbuka Jolly Musoki, mkulima wa Mahango, yule mama aliyepokea watoto wa shule shambani kwake kila Jumanne. Jolly Musoki wa Mahango. Alifariki siku ya Ijumaa, wiki mbili zilizopita, mlima ulipomporomokea nyumbani kwake.

Nilipokwenda kuomba ruhusa ya familia, mume wake, mzee Benon, alinipa sharti. Alisema watu wa redio tunajua sana kumpaka marehemu mafuta mpaka ndugu zake wenyewe hawamjui tena.

"Musiongope juu yake," aliniambia. "Yeye alichukia waongo. Sema vile ilikuwa."

Basi nitasema vile ilikuwa. Anayetaka sifa tupu azime redio akanywe chai.

Jolly hakuzaa. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi. Miaka yote aliyokaa na Benon, maneno ya watu aliyala pamoja na chakula. Kwenye soko la Bwera walimwita mwazima watoto. Wapo waliomwambia Benon, Jolly akiwa amesimama palepale, kwamba atafute mke mwingine mapema. Benon hakutafuta. Na Jolly hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu; alikuwa na jibu lake, na alilitoa huku anapanga ndizi zake.

"Mimi ninazaa kila Jumanne," alisema. "Tena wenye viatu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa wale ambao hamkufika kwake, hivi ndivyo Jumanne ya Jolly ilivyokuwa. Watoto waliachwa chini barabarani, wakapanda mlima kwa miguu. Juu walimkuta mama mnene amesimama na rundo la mabeseni. Hakukusalimia. Alikupa beseni. Udongo ulioteremshwa na mvua ya wiki ile ulikuwa umejaa kwenye mitaro ya chini, na kazi ya kwanza ilikuwa kuuchota na kuurudisha juu, kwenye mibuni na migomba. Udongo ukishuka, urudishe. Ndiyo ilikuwa salamu yake. Baada ya hapo ulikamua mbuzi, ukachuma kahawa, ukachanganya samadi kwa mikono mitupu. Aliyeziba pua aliongezewa samadi. Mtoto wa mjini akilalamika kuhusu viatu vyake, Jolly alimuuliza kama vinakwenda arusini.

Alikuwa mkali, nasema kweli. Hakuwabembeleza. Lakini watoto walirudi makwao wakimtaja yeye mpaka wazazi wakachoka kumsikia.

Somo la mwisho lilikuwa baya kuliko yote. Mbele ya jiko alifinyanga kilima cha udongo. Juu yake akaweka nyumba ya magunzi ya mahindi, na ndani ya nyumba punje tatu: baba, mama na mtoto. Kisha alimwita mtoto mmoja, akamwambia akate kwa kidole chini ya kilima, pale mteremko unapokanyaga ardhi. Pale yeye alipaita mguu wa mlima. Mtoto akakata, anacheka. Jolly akamwaga maji ya birika kutoka juu, polepole. Kilima kikalainika, kikakaa chini, na nyumba ikazama kwenye tope na watu wake.

"Nani ameua hawa watu?" aliuliza.

Watoto wote walisema ni maji. Siku zote walisema ni maji. Jolly alitikisa kichwa, akamwonyesha yule mtoto kwa kidole, akasema maji yalikuja kumaliza tu. Aliyeua ni mwenye alikata mguu. Kisha akawafanya waimbe jibu hilo mara tatu, na mtoto aliyekata naye aimbe, hata kama analia. Wengi walilia. Nobert, ambaye leo ni kijana wa kuchimba mitaro na misingi ya nyumba hapo Mahango, alikata kilima kile alipokuwa darasa la nne. Anasema alilala siku hiyo anaona punje za mahindi.

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hilo jibu. Mwenye alikata mguu.

Sasa dunia ikabadilika. Shule za milimani ndizo zilizoacha kwanza. Wazazi waliuliza kwa nini mtoto apelekwe kulima kwa Jolly wakati nyumbani jembe lipo. Nani angewajibu? Zikabaki shule za mjini. Nazo zikapata shamba jingine kule bondeni, lenye bembea, sungura, na mahali pa kupigia picha. Jumanne moja ilipita bila mtoto. Kisha nyingine. Wivine, mama wa Butembo kule Kongo anayeuza vitenge Bwera, ndiye aliyekuwa akipanda kila Jumanne kuwapikia watoto chakula, na anaikumbuka Jumanne ile ya pili.

"Alinipikisha sufuria muzima," Wivine anasema. "Nikamuuliza, ni ya nani? Batoto haiko. Akasema pika tu. Tukakaa batu babili mbele ya chakula ya batoto makumi ine."

Hakukuwa na mwingine wa kula. Mbuzi walikula posho siku hiyo, ugali wote ule.

Ikabaki shule moja kubwa ya mjini, sitaitaja jina. Watoto wake walikuwa wamekuja kwa Jolly mwaka mzima, kwa miguu, na nyimbo zote wanazijua. Mkuu wa shule yao akapanda mwenyewe siku moja, anahema, suruali imeloa umande. Alisema wazazi wamechoka na viatu vya tope. Shule ina basi. Basi likifika mpaka uani, watakuja kila Jumanne ya kila muhula. Lisipofika, watakwenda bondeni kwenye sungura.

Ili basi lifike uani na ligeuze, ilibidi kukata mguu wa mlima. Jolly alikataa. Mkuu wa shule akasema afikirie. Alifikiria Jumanne tatu, na uani hapakuwa na mtu.

Akamwita Nobert. Akamwonyesha pa kukata, kuanzia mwamba mpaka choo. Nobert alishika jembe lake, akatazama pale, akatazama nyumba iliyo juu ya pale, akatazama mlima ulio juu ya nyumba. Akasema hapana. Jolly akamuuliza tangu lini amekuwa mkubwa wa kumfundisha yeye kazi ya shamba.

"Mama, si mimi nakufundisha," Nobert alisema. "Ni wewe ulinifundisha mimi."

Jolly alimfukuza kwa matusi ambayo redio hii hairuhusu. Kisha akawaita vijana wengine wawili wa pale jirani. Nao walikuwa wamepita mikononi mwake, wamebeba mabeseni, wameimba jibu. Nao wakakataa. Mlima mzima ule, kila aliyejua kushika jembe alifundishwa na Jolly, na hakuna aliyetaka kumchimbia. Alikuwa amefundisha vizuri mno. Ilibidi ateremke bondeni kutafuta watu ambao hawajawahi kufundishwa naye. Wao walikata, wakala, wakaondoka.

Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiyesikia la mdogo, tumwambie nini?

Basi likafika. Dereva aligeuza uani kwa mbwembwe, watoto wakashuka na viatu safi. Wivine anasema hajawahi kumwona Jolly amefurahi vile. Alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Lakini Wivine aliona na jambo lingine. Kuanzia siku ile, Jolly hakufinyanga tena kilima mbele ya jiko. Msichana mmoja wa shule ile alimuuliza kama leo hawataua watu. Jolly akasema udongo umeloa, haufai. Jumanne iliyofuata jua lilikuwa kali, udongo mkavu kama biskuti, na bado akasema umeloa.

Alijua. Hilo ndilo linalonichoma, na sitalificha. Hapakuwa na mtu Mahango yote aliyejua kuliko yeye.

Mvua ya Novemba ikaja, mnaikumbuka. Ilinyesha Jumatano, Alhamisi, na Ijumaa asubuhi haikukoma. Benon alikuwa amepeleka kahawa sokoni. Nobert alikuwa ng'ambo ya bonde, analinda mtaro wa jirani usizibe, akamwona Jolly kule kwenye ukuta wa udongo uliokatwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anapanda mabingobingo. Mabingobingo, wasikilizaji wapendwa, majani yale yenye mizizi ya kushika udongo. Shina moja moja, kwa mkono, kwenye jeraha lile kubwa. Jumanne watoto walikuwa wanakuja, naye alitaka kuufunga mlima kabla ya Jumanne.

Nobert alimpigia kelele atoke. Anasema Jolly alisikia, maana aliinua kichwa, akamtazama. Kisha akainama, akachukua shina jingine.

Mlima ukakaa chini, kama kile kilima cha jikoni. Nyumba, jiko, zizi la mbuzi, na mama.

Waliomchimbua ni Nobert na wale vijana wawili. Walitumia majembe na mabeseni yake yaliyokutwa chini bondeni. Walimpata Jumapili. Mikono yake ilikuwa imefumbwa, na mizizi bado imo ndani.

Tulimzika Jumanne. Basi la shule lilikuja, maana ratiba ilikuwa ileile. Lilisimama chini barabarani, na watoto wakapanda kwa miguu katika tope, na siku hiyo hakuna mzazi aliyeulizia viatu. Walikaa mbele, karibu na jeneza. Watu wazima walinong'ona kwamba mganga hajigangi. Kisha mkuu wa shule akasimama kutoa rambirambi. Alisema vizuri, ana sauti ya kanisani. Alisema tumepoteza hazina. Alisema mapenzi ya Mungu hayapingwi. Mwisho akanyoosha mikono, akauliza kwa uchungu, "Nani ametuulia mama yetu?" Akavuta pumzi ili ajijibu mwenyewe, kwamba ni mvua.

Watoto wakamjibu. Wote kwa pamoja, kwa sauti ileile waliyofundishwa.

"Mwenye alikata mguu."

Mkuu wa shule alibaki mikono juu. Mwalimu mmoja alianza kuwanyamazisha, wengine wakasema watoto hawa hawana adabu, watolewe. Hakuna aliyejua walikuwa wanamtazama nani, yeye au jeneza. Ndipo mzee Benon alipoinuka kwenye benchi.

"Muwaache," alisema. "Wamejibu vizuri. Atafurahi."

Akakaa. Hakuna hotuba iliyofuata.

Wasikilizaji wapendwa, kwako mzee Benon, pole sana, na tumesema vile ilikuwa. Kwako Wivine, uliyepika sufuria nzima kwa watu wawili, pole, mama. Kwako Nobert na wenzako, poleni. Ninyi hamkukosea kukataa, na najua hilo haliwasaidii kulala. Kwa watoto wa Jumanne zote, poleni kwa kumpoteza mama aliyewaliza akiwafundisha. Mungu amlaze Jolly Musoki, mkulima wa Mahango, pahali pasipo mteremko.

Na ninyi mlioko milimani usiku wa leo, mvua ikianza, msitazame mawingu. Tokeni nje, tazameni chini ya nyumba zenu, pale mlipokata ili pikipiki ipande, ili gari la mgeni ligeuze, ili mtu fulani asiende kwa jirani. Mtajua mmekata wapi. Yeye pia alijua.