Injini ya Lori Ndani ya Basi

Umewahi kupanda basi lililofungwa injini ya lori? Mwaka wa hamsini na moja, fundi Gichuki alipanda lile alilolifunga mwenyewe, roho mkononi, likikwea kutoka Fort Ternan kwenda Kedowa. Safari iliyopita alikuwa amekaza chuma juu ya chuma, bolti zikakatika mlimani.

“Leo injini itashika?” akauliza Chepkosgei, jirani yake kitini, amepakata kibuyu cha maziwa.

“Nimeiwekea raba za tairi kuukuu chini, Mama.”

“Kumbe! Mimi kibuyu nakikalisha juu ya nguo tangu usichana, na sijasomea ufundi.”

“Kibuyu hakivuti watu arobaini.”

“Wala hakijakata bolti.”

Basi likasimama Kedowa, injini ikinguruma palepale ilipofungwa. Gichuki akashusha pumzi. “Mama, tangu Fort Ternan koo limenikauka. Naomba hayo maziwa.”