Muzee Barthélemy na Pete ya Mlango wa Marmite

Je, mpira uliochemshwa ndani ya mafuta ya moto ukatoka mzima, kwa nini uoze ndani ya mvuke? Swali hilo liliulizwa asubuhi ya Jumatatu tarehe 17 Septemba 1956, katika chumba cha kusafishia vyombo vya madaktari cha hospitali moja ya mji wetu huu wa Bukavu, na aliyeliuliza alikuwa marehemu Muzee Barthélemy Bisimwa, akiwa amelowa tangu kofia hadi viatu, na bwana injinia wa hospitali akaanza kutazama saa yake. Ndugu, marafiki, majirani wa Kadutu, leo tarehe 5 Agosti 1959 tumekuja kumsindikiza mtu wa maswali ya namna hiyo, na familia inawaomba mcheke pale panapochekesha, kwa maana yeye mwenyewe asingewasamehe mkilia mwanzo hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa Kalehe mwaka 1903, mwaka huo ulikadiriwa na mapadri siku ya ubatizo, mama yake alijua tu kwamba maharage yalikuwa yanavunwa. Alisoma miaka mitatu kwenye misheni, akafukuzwa kwa sababu alibishana na katekista kama samaki nao walihitaji kupanda safina ya Noa, na hadi kesho familia haijaona kosa lake lilikuwa nini. Mwaka 1927 alikuja mjini kubeba matofali, na tarehe 9 Mei 1931 alifunga ndoa kanisani na Maman Rosalie, aliyeketi hapa mbele yenu, Mungu akawajalia watoto watano, wa kwanza akiwa Georgette.

Mwaka 1942 alipelekwa msitu wa Shabunda kugema mpira wa vita. Serikali ilimpa medali inayosema alijitolea, nasi tunasema hapa mbele ya watu kwamba mtu anayesindikizwa na askari nyuma yake hajajitolea, amepelekwa. Alirudi mwaka 1945 na makovu mikononi na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kuing'oa, kwamba mpira wa kweli ni ule unaotoka mtini, mengine yote ni ubishi wa viwandani. Mwaka huohuo aliingia hospitalini, akakabidhiwa mashine kubwa ya mvuke ambayo wafanyakazi waliipa jina la Marmite, yaani sufuria, na kwa miaka kumi na minne, mtu mwenye mvi, baba wa watoto watano, aliandikwa "boy" mbele ya jina lake, jambo ambalo yeye alilicheka na ambalo sisi hatujalicheka bado.

Marmite ina mlango mzito wa chuma, na katikati ya mlango na mwili wa mashine kuna pete ya mpira inayozuia mvuke usitoroke. Pete za mpira wa mti zilikuwa zinalegea na kunata kama ugali usioiva, mwezi hauishi inabidi iwekwe nyingine, na marehemu alizibadilisha kwa upole, akizitetea kama mtu anavyomtetea ndugu mlevi. Ndipo mwaka 1956 akafika fundi kijana kutoka Kamanyola, Floribert, akiwa na cheti cha shule ya ufundi, na maneno mengi kuhusu mipira mipya inayotengenezwa viwandani, na macho ambayo kila mara yalitua kwa Georgette alipomletea baba yake chakula. Mwezi wa saba familia yake ilileta kasiksi, pombe ya ndizi, ya posa, ikanywewa, ikasifiwa, na tangu siku hiyo Floribert akawa mukwe.

Hapo tabu ikaanza, kwa sababu mukwe habishani na baba wa mchumba uso kwa uso, ni aibu kubwa, na watu hao wawili walikuwa wanafanya kazi chumba kimoja na walikuwa wanataka kubishana kutwa. Wakapata dawa, kila mmoja akawa anaongea na mashine.

"Marmite," alisema marehemu akifuta mlango, "umwambie huyu kijana, mupira bila muti iko kama mutoto bila mama."

"Marmite," alijibu Floribert akiwa amemgeuzia mgongo, "umwambie muzee, mama huyo anachoka kila mwezi."

Wagonjwa waliokuwa na nguvu walikuja kusikiliza dirishani.

Floribert alipata pete ya kijivu, ya mpira wa aina ya pekee uliotengenezwa kwa ajili ya injini, na ili kuwashinda wote aliichemsha ndani ya mawese yanayofuka moshi, mbele ya mashahidi, ikatoka inang'aa kama siku ya kwanza. Akaifunga kwenye Marmite. Juma la pili lilikuwa halijaisha, asubuhi ile ya tarehe 17 Septemba, pete ikavimba, ikameguka kama muhogo uliochemshwa, mvuke ukatoka kwa kishindo, watu wakakimbia, na marehemu, alipomaliza kuuliza swali lake lile, akatoa hukumu akiwa bado anadondosha maji. "Marmite, umwambie mukwe, siku pete yake moja itafikisha Noeli, ndiyo siku Georgette atatoka kwangu. Isipofika, kasiksi tutairudisha."

Jioni hiyo Georgette alisimama katikati ya nyumba mikono kiunoni. "Papa, mimi niko mutu ao niko mupira? Bwana yangu atatoka ndani ya Marmite? Mbona hata moja kati yenu hajaniuliza?" Marehemu alisema kwamba neno la mzazi limekwisha kutoka. Georgette hakula, na sisi wadogo zake tulikuwa upande wake, tuko upande wake hata leo.

Floribert alifunga pete ya pili, nyeusi, ya mpira unaoitwa butili, ndugu wa ule wa ndani ya magurudumu ya kamyo, na safari hii aliiambia mashine kwa sauti ya chini kile alichojifunza kwa hasara yake. "Marmite, umwambie muzee alikuwa na haki. Mafuta inaleta moto tu. Mvuke iko maji, inaingia ndani ya mupira na kuuvunja, hata kama moto yake iko kidogo. Huu mweusi haupendi mafuta, lakini maji haipati mulango." Oktoba ikapita, Novemba ikapita, pete iko palepale, marehemu akaanza kuitazama kwa jicho la mtu anayeona timu yake inafungwa.

Tarehe 20 Desemba mlango ukapiga mluzi. Floribert alikuwa karakana, marehemu alikuwa peke yake chumbani. Alizima moto, akangoja mashine ipoe, akafungua, akaipapasa pete yote, nzima, laini, haina ufa, kisha akaona boloti ya bawaba imelegea, ile aliyoifungua mwenyewe jana yake kupaka grisi. Angeweza kuikata ile pete kwa kisu na kuitupa, neno lake lingesimama, na hakuna ambaye angejua. Alivua kofia, akatembea hadi karakana mbele ya mafundi wote, akasimama uso kwa uso na mukwe wake, bila Marmite katikati, akasema, "Floribert, pete yako iko muzima. Ni miye nilisahau kufunga boloti. Unanishinda." Mafundi wakapiga makofi hadi bwana injinia akatoka nje kuangalia kuna sherehe gani.

Jioni akamwita Georgette, akamuuliza kwa mara ya kwanza kama anamtaka yule kijana. Georgette alimwacha asubiri hadi chakula kiishe, kisha akasema ndiyo. Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 12 Januari 1957, na marehemu alicheza hadi soli ya kiatu ikang'oka.

Aliugua kifua mwezi wa tano mwaka huu, akafariki Jumatatu tarehe 3 Agosti, saa kumi alfajiri, akishikwa mkono na Maman Rosalie. Familia inawashukuru madaktari na masista waliomtunza, majirani wa Kadutu waliopika na kuteka maji, na wenzake wa kazi waliombeba leo kwa mabega yao. Papa, umechoka kwa haki, pumzika sasa katika amani ya Mungu.

Nanyi mlio na mabinti, tunawaomba jambo moja. Kabla ya kupokea kasiksi ya mtu yeyote, mwulizeni binti mwenyewe.