Pua ya Mzee Wakoli

Kwenye benchi la Beldina muuza kahawa, pale Nyalenda karibu na ziwa, kahawa ya asubuhi hainyweki bila kesi, na leo kesi ilikuwa pua ya Mzee Wakoli. Miaka ishirini alikuwa karani wa rekodi zahanatini. Kila ugonjwa aliupa namba yake, na faili lenye pengo alilirudisha kwa daktari bila haya. Sasa amestaafu, na faili lililorudishwa ni lake. Pua kuziba ni dalili, si ugonjwa. Sababu isipoandikwa, hapati barua ya kumwona mtaalamu. Naye anamtaka huyo mtaalamu, maana mwezi mzima anaamka akitafuta pumzi, na anaogopa.

– Hiyo ni vumbi ya omena, hizi dagaa za ziwa, alisema Dishon, waliyemwita Meneja ingawa hajawahi kuajiriwa. – Mimi nilikaa Usenge, kule zinaanikwa, wiki mbili, pua ikakufa kabisa.

– Usenge mimi sijafika, Meneja, akasema Wakoli.

– Si upepo inaleta? Haba na haba hujaza kibaba.

Gordon, fundi redio, jina la kijiweni Eksirei, akatikisa kichwa.

– Ni hii magugu ya ziwa, yawa. Inaoza, inatoa gesi, na gesi inatafuta pua ya mtu wa Bungoma kama wewe. Sisi imetuzoea. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Na mbona inaziba kushoto peke yake? akauliza Wakoli.

– Kwani ukilala, ziwa iko upande gani?

Wakoli akacheka mpaka akakohoa. Kwa ajili ya ubishi huu alikuwa akifika kabla Beldina hajawasha jiko. Nyumbani hakuna wa kumbishia.

Ndipo akaja Maryanne, karani aliyeshika nafasi yake, faili kwapani.

– Habari ya asubuhi, wazee. Mzee Wakoli, daktari ako na swali moja tu, ndio aandike sababu. Ukilala, unakoroma? Pumzi inakatika?

– Hiyo ni rahisi, akasema Dishon. – Uliza bibi ya…

Gordon akaangalia kikombe chake. Beldina naye akaacha kumimina.

– Mimi siwezi jua, akasema Wakoli. – Mwenye alikuwa ananisikia ni Elsie, na tulimzika mwezi wa tatu.

– Pole, Mzee. Sasa niandike nini?

Wakoli alifikiri kidogo, kama karani.

– Andika mgonjwa anaishi peke yake. Hiyo iko na namba.

Akamtajia namba yenyewe, bila kufungua kitabu cha namba.