Vifaranga wa Gaudiosus

Nyaishozi, mbele ya banda la kuziba pancha, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo ndipo tunaponywea kahawa: Cleophace, tunayemwita Daktari kwa sababu aliwahi kulazwa, Manirakiza, yaani Redio, mimi, na Gaudiosus, ambaye badala ya kufuga mbuzi kama watu, anafuga sikilidi, visamaki vya urefu wa kidole, kwenye tangi la kioo sebuleni.

Juzi alikuja amenuna. Jike alikuwa ametaga tena ndani ya kigae cha chungu, akageuka njano, na sasa vifaranga wanaogelea, kila mmoja kama ncha ya sindano yenye macho. Lakini uzao wa kwanza ulitoweka, wa pili vilevile, na mkewe Benadeta ameshatamka: hawa nao wakipotea, tangi linatoka, linaingia kabati la vyombo.

Daktari akasema mwizi ni dume. Gaudiosus akajibu kwamba dume kamhamishia kwenye ndoo.

— Basi ni mama mtu. Hata kuku hula mayai yake. Nimewahi kutibu kesi hiyo.

— Ulimtibuje?

— Nilimla kuku.

Redio akalaumu runinga: samaki wanatazama taarifa ya habari, na mtoto mchanga akiyaona yale anarudi alikotoka. Mimi nikataja harufu ya senene wanaokaangwa jikoni. Daktari akahitimisha kwamba jua likipiga kioo wanapaa na mvuke. Mvua inayonyesha kule Kaisho ndiyo watoto wenyewe.

Gaudiosus hakucheka.

— Nawalisha vijidudu vya maji ya maganda ya ndizi. Kila asubuhi tunavuta maji machafu ya tangini kwa mpira. Hata mgomba wa mlangoni, unaomwagiwa hayo maji, umenenepa.

Nikuze, binti aliyeleta baiskeli kuzibwa, alikuwa ametuamkia shikamoo tu. Sasa akauliza:

— Baba, hayo maji mnayachuja kwa kitu gani?

Redio akachungulia kikombe chake. Daktari akakohoa.

Ng'ambo ya barabara, nyumbani kwa Gaudiosus, Benadeta alitoka na ndoo ya maji ya tangini, akielekea kwenye mgomba.

Gaudiosus alivuka barabara na kikombe mkononi. Akaishika ndoo, akapiga magoti. Kahawa akaumwagia mgomba, kisha akaanza kuchota vifaranga mmoja mmoja kwa kikombe.

Kikombe hicho hatujarudishiwa. Anasema kina wenyewe.