Hawako Kampala

Risala ya Wanawake wa Masomo ya Jioni, Rubondo, kwa Afande Kayumba, msimamizi wa mafunzo ya wafungwa vijana. Juni 2013.

Mgeni rasmi, Afande Kayumba; mchungaji wetu; nanyi majirani mliokuja:

Karibu

Karibu Rubondo, na pole kwa vumbi la njia kutoka Mbarara. Risala hii ni yetu sote kumi na mmoja. Anayeisoma ni mwenzetu Chantal. Akisita mvumilieni, maana mengi yaliyomo ni ya nyumba yake.

Tulikotoka

Mume wake, Néhémie, alifungwa akiwa na miaka ishirini na mmoja, kwa kuuza baiskeli isiyo yake. Chantal akawaambia watu amekwenda Kampala kutafuta kazi. Jirani alimchokoza penye bomba la maji: "Mama Eliane, ile Kampala gani haina hata telefone?"

"Ile ya mbali," akajibu, akabeba dumu lake.

Sisi wengine nasi tulikuwa na Kampala zetu.

Huko ndani mlimfundisha kuandika. Barua zikaanza kuja, na Chantal hakujua kusoma. Amsomee nani, siri isitoke? Ndivyo masomo ya jioni yalivyoanza: tulijifunza kusoma ili tuendelee kuficha.

Tunayoyashukuru

Mliwapa vijana wetu na ufundi wa useremala. Néhémie ameandika kwamba sasa anaunga mlango bila msumari hata mmoja. Chantal aliisoma barua hiyo mara nne, mara ya mwisho kwa sauti, mtoto akiwa mapajani.

Yanayotukwaza

Elisée, mtoto wa mwenzetu Georgette, alitoka gerezani mwaka jana na ufundi huohuo, akaanza kutengeneza benchi za kanisa. Watu wakamwuliza, "Ulijifunzia fasi gani?" Akasema Kampala. "Kwa fundi nani?" Akakosa jina. Basi ikasemwa randa na misumeno yake ni ya wizi, na kazi akanyang'anywa. Baada ya miezi miwili bila kazi alirudi kwenu gerezani. Hatumlaumu aliyeuliza. Uongo ulikuwa wetu, tukamwachia yeye aubebe.

Ombi letu

Néhémie anatoka Ijumaa, tarehe 12 Julai. Tunaomba asiachiwe getini na nauli tu. Aje mchana, pamoja na mmoja wenu, aseme mbele ya watu alichojifunza na alikojifunzia. Tumemwuliza Chantal kama ataweza kusimama kando yake. Alisema, "Naogopa. Lakini Elisée alisimama peke yake."

Nawe mchungaji, kanisa bado halina mlango, linafungwa kwa turubai.

Mungu awafikishe salama, na awape subira na vijana wetu. Kila mmoja ametia sahihi kwa mkono wake:

Chantal, mke wa Néhémie, aliye gerezani.
Georgette, mama wa Elisée, aliye gerezani.
Na wenzao tisa, ambao majina yao, na ya watu wao, yameandikwa nyuma ya karatasi hii.

Wanawake wa Masomo ya Jioni, Rubondo